Karakana Kando ya Barabara

Fundi wangu,

Tangu uende kutafuta kazi mbali, sauti ya randa yako ikipita juu ya mbao haijanitoka. Naisikia hata katikati ya vikao vya halmashauri. Huku sote wazima. Bomba la sokoni limetengenezwa, na shule imeezekwa upya.

Jumamosi niliwasomea wakazi sheria mpya iliyopitishwa na Bunge: vibanda vyote vilivyo ndani ya hifadhi ya barabara vibomolewe.  Kisha mama muuza mkaa akauliza, "Mheshimiwa diwani, na karakana ya shemeji yetu imo? Au sheria inaogopa mapenzi?"

Wakaangua kicheko. Mimi nilikunja karatasi ya sheria, nikafunga mkutano.

Karakana yako ndipo mahali pekee nilipokuwa nikikaa nikaamini kwamba utarudi. Mhandisi wa barabara alishaninong'oneza kuwa yuko tayari kuifumbia macho.

Leo asubuhi nimewaita mafundi wenzako, tukaanza kwa kubomoa karakana yako, wote wakiona. Meza yako ya kazi nimeiingiza chumbani kwangu, karibu na dirisha. Kitanda nimekisukuma ukutani ili ienee.

Mimi ninayekungoja,
Diwani wako