Laptop Yako Iliweza, Kaka

Mpendwa kaka,

Laptop yako iliweza. Naanza na hilo, salamu zitafuata, kwa sababu tangu Jumamosi nimepigwa na butwaa na kila ninayekutana naye hapa Gilgil namwambia hivyo hivyo, hata kama hajui ninazungumzia nini. Iliweza tangu siku ya kwanza. Na wewe ukaenda ukiamini haiwezi.

Unakumbuka ulivyoileta nyumbani? Uliinunua kuukuu pale Nakuru, nzito kama jiwe la kusagia, na uliisifu kuliko ulivyowahi kumsifu mtu yeyote. "Sista, hii iko na kadi yake ya grafiki. Si hizi zenu za kuandika barua." Nikakuuliza kama hiyo kadi inapika chai pia, maana ilikuwa inachemka kweli kweli. Ukanirushia kiatu.

Lakini nilijua uliitakia nini. Ziwa lilipopanda kule kwetu Kamere na maji yakaanza kuingia jikoni, sisi tulibeba magodoro, wewe ukazunguka na simu ukipiga picha kila ukuta, hata ule ambao mama alikuwa akituchorea juu yake urefu wetu kwa makaa. Alikufokea: "Wewe, wacha picha, shika hii sufuria!" Siku hizi viboko wanapita pale tulipokuwa tunalala. Mama hajawahi kurudi hata kutazama, na jina la Kamere likitajwa anainuka kwenda kuosha vyombo. Ndiyo maana uliijenga upya nyumba ile kwenye kompyuta, chumba kwa chumba, ili avae miwani ya VR aingie ndani tena.

Kiprono, rafiki yako anayechezesha vijana gemu dukani kwake kule mjini Nakuru, akakuazima miwani yake wikendi moja. Ulikuwa msimu wa mvua. Na sheria ya mama unaijua: wingu likitanda tu, kila kitu kinachomolewa kwenye umeme, friji, redio, hata chaja ya simu. Radi ilituchomea televisheni kule Kamere na hajaisamehe mpaka leo. "Chomoeni! Mnataka tuchomeke na nyumba?" Tukachomoa, wewe ukaendelea na betri. Ulipovaa miwani picha ikawa inakwama kwama, ukaivua huku umeshika tumbo kwa kichefuchefu. Ukajaribu tena, na tena. Sijawahi kukuona umenyong'onyea vile.

"Haiwezi, sista," ukaniambia. "Hii kadi ni ndogo."

Ukaifunga. Miwani ikarudi kwa mwenyewe, na kabla ya msimu mwingine wa mvua nimonia ikakuchukua.

Jumamosi nilimpelekea Kiprono hiyo laptop anitolee picha zako. Betri ilikuwa imekufa kwa kukaa kabatini, ikabidi aiwashe ikiwa kwenye umeme. Alipoona ile nyumba uliyoijenga, akachomeka miwani yake. Nikamwambia asijisumbue, ulishajaribu ukashindwa. Akavaa hata hivyo, akageuka huku na huku pale katikati ya duka.

"Wueh," akasema. "Niko kwa jikoni ya mtu."

Nilimnyang'anya. Kaka! Nilisimama jikoni kwetu! Nikageuza kichwa na nyumba ikageuka nami, laini, bila kukwama hata kidogo. Nilipiga yowe vijana wote wakaacha gemu zao.

"Kwani home mlikuwa mnaitumia na betri?" Kiprono akaniuliza. Nikamwambia ndiyo, mvua ilikuwa inakuja. Akashika kichwa. "Aki ya nani. Ukichomoa chaja hii laptop inazima kadi kubwa ndio isave chaji, inabaki na ile ndogo. Ilikuwa inataka tu chaja."

Chaja tu. Nilirudia maneno hayo njia nzima mpaka Gilgil, mara nacheka, mara nalia, mara nakukasirikia wewe kwa kuwa mtoto mtiifu. Hasira yenyewe sijui niiweke wapi. Mama sijamwambia kilichokukwamisha, wala sitamwambia. Akijua ni ile "chomoeni" yake, hatalala tena.

Jana mchana nilimsimamisha sebuleni, laptop ikiwa kwenye chaja, nikamvisha miwani aliyoniazima Kiprono. Alishtuka, akanishika mkono mpaka nikaumia. Kisha akauachilia, akaanza kupapasa hewani, juu, chini, halafu akatulia mahali pamoja, usawa wa kifua chake.

"Ni ule ukuta," akasema. "Hapa ndio alikuwa anafika akiingia darasa la tatu."

Akakuita. Kwa jina lako, kwa ile sauti ya kukuita ule kabla chakula hakijapoa. Mimi nilikuwa nimeziba mdomo kwa mikono miwili.

Hapo ndipo ngurumo ikapiga upande wa Eburru, madirisha yakatikisika. Niliruka kwenda kwenye soketi kama tulivyolelewa, mkono ukafika kwenye chaja. Mama hakuivua miwani.

"Wacha," akasema. "Usichomoe. Bado niko na yeye."

Ikanyesha mpaka ikachoka, kaka, na hatukuchomoa kitu.

Lala salama. Mimi bado sijaamini,

Sista wako.