Nilichomwahidi Kidoti

Tarehe 3 Februari

Mwanangu Fundi,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mkeo, na kwamba kile kikohozi chake kimemwachia. Mimi nipo, Mungu anasaidia, ila miguu inalalamika kwa ngazi za bweni. Simu zetu wamezikusanya. Tunarudishiwa Jumapili kwa saa moja, na saa hiyo mtandao nao huwa umekwenda kusali. Kwa hiyo tuandikiane.

Najua uliniaga shingo upande. "Mama, na umri huo unakwenda shule kufanya nini?" Basi lilikuwa linaondoka, sikukujibu. Tangu baba yako atangulie, nikiomba nawaona wale watoto wanaolala nje ya soko letu. Nikiacha kuomba nawaona vilevile. Ndilo jibu nililo nalo.

Wenzangu darasani wote ni wa kuwazaa. Wananiita Bibi Mwanafunzi. Asubuhi tunasoma Neno na namna ya kuwahudumia watoto walio hatarini. Mchana tunakwenda kwa vitendo kwenye makao ya watoto, ng'ambo ya ukuta wetu. Nilidhani tutafundishwa kuwaimbisha na kuwahubiria. Mwalimu wetu, mwanamke mfupi, mkali kama pilipili, akatuambia: "Hawa wameshahubiriwa na kila mtu, hata waliowaumiza. Ninyi jifunzeni kusikiliza." Akatukataza jambo moja kuliko yote: usimwahidi mtoto kwamba utamfichia siri. Akikuomba, mwambie kweli kwamba kama ni la kumdhuru utalipeleka kwa wenye uwezo wa kumsaidia. Nikasema moyoni, hilo nalo la kufundishwa?

Yupo msichana wa miaka kama tisa, wenzake wanamwita Kidoti kwa alama iliyo chini ya jicho lake. Hasemi na walezi. Lakini nikiwa nafua anakuja, anapindua ndoo, anakaa, ananitazama tu. Mwombee.

Mama yako

•

Tarehe 12 Februari

Shikamoo Mama,

Sisi wazima. Mkweo anakusalimu, kikohozi kimeondoka, kimebaki kisirani. Kanisani wanasema umekwenda kusomea uchungaji. Mzee wa kanisa ameniuliza kama ukirudi utamnyang'anya mimbari. Nimemwambia ng'ombe hazeeki maini, ajiandae.

Sikukuaga shingo upande kwa hasira, Mama. Ni hofu. Moyo wako ni mlango usio na komeo, kila anayelia unamwingiza na kumpa kitanda. Hapa kwetu alikuwa mmoja mmoja. Huko ni makao mazima. Ukiona yamekuzidi, usione haya kurudi. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hujikokota zizini. (Leo methali zangu zote ni za ng'ombe. Nisamehe, natengeneza friji ya bucha.)

Huyo Kidoti ana ndugu?

Mwanao

•

Tarehe 22 Februari

Mwanangu,

Salamu kwenu wote. Mwili wangu mzima, roho ndiyo iko juu juu.

Uliuliza kama Kidoti ana ndugu. Anaye, na ndiye anayenitesa. Jana nilikuwa naanika mashuka, akaja upande wa pili wa shuka, mahali ambapo sikumwona uso. Akasema, "Bibi, ukiambiwa kitu unasema?"

Nilijua la kujibu, mwanangu. Nilikuwa nimelijibu darasani mbele ya watu, nikapigiwa makofi. Lakini nilikuwa sijawahi kusikia sauti yake. Nikaogopa kwamba nikisema "ndiyo" sitaisikia tena. Nikamwambia, "Sisemi."

"Apa."

Nikaapa.

Kumbe yule mwanamume anayekuja kumtembelea kila Jumapili na mfuko wa biskuti, anayejiita baba yake mdogo, si ndugu yake kabisa. Anaokota watoto, anawafungia chumbani, asubuhi anawapeleka vituo vya mabasi kuombaomba pesa. Wasipoleta kitu anawapiga. Kidoti aliugua barabarani, msamaria akampeleka hospitali, na hospitali ikamleta hapa. Yule mtu akamfuata na machozi ya uongo, walezi wakamwamini. Shule zikifungwa mwezi ujao atakuja kumchukua, na wamekubali. Mdogo wake Kidoti, mtoto wa miaka sita, bado yuko kwake. Kila Jumapili anapompa biskuti anamnong'oneza: "Ukifungua mdomo, mdogo wako hutamwona."

Basi niambie. Nikinyamaza, anachukuliwa. Nikisema, mdogo wake yuko mikononi mwa yule mtu. Na nimeapa. Leo darasani mwalimu amefundisha nami sikusikia hata neno. Mbele yangu ukuta, nyuma yangu ukuta. Kidoti mwenyewe leo amekula sahani mbili na kucheka na wenzake, kwa sababu mzigo ameutua. Ameutua kichwani kwangu.

Mama yako

•

Tarehe 1 Machi

Mama,

Shikamoo. Barua yako imenifikia sasa hivi, nakuandikia nimesimama, mikono ina grisi.

Kama hujasema, sema leo. Mkweo naye analia hapa anasema vivyo hivyo. Kiapo cha kumfichia mtu mbaya hakimfungi mtu mwema. Mtoto akikuchukia, akuchukie akiwa hai.

Nijibu haraka.

Mwanao

•

Tarehe 13 Machi

Mama,

Shikamoo. Jumapili mbili nimekaa na simu mkononi kama yai, hukupiga. Nikipiga mimi, naambiwa haipatikani. Nimepiga ofisi ya chuo, karani akasema "mama yako yupo, ila hayuko kwenye vitendo," akakata. Hayuko kwenye vitendo maana yake nini? Wamekufukuza? Yule mtu amekufuata? Nimevunja bomba la friji ya watu kwa mawazo. Nisipopata neno wiki hii napanda basi.

Mwanao

•

Tarehe 17 Machi

Mwanangu,

Usipande basi. Mimi mzima, nisamehe kwa kukutia tumbo joto. Simu ilianguka kwenye beseni la kufulia Jumapili waliponirudishia. Mkono nao ulikataa kuandika.

Nilisema kabla barua yako haijafika. Nilipomaliza kukuandikia nilitoka kuitafuta bahasha, nikajikuta mlangoni kwa mwalimu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na wewe ulimjibu nini alipokuomba siri?" Nikamwambia. Akafumba macho kidogo, akachukua simu.

Afisa ustawi wa jamii alikuja siku ileile pamoja na polisi. Walimhoji Kidoti kwa upole, mwalimu akiwa pembeni. Kidoti alipotoka alinipita uani. Hakulia. Alisema tu, "Uliapa," akaendelea kutembea.

Walikwenda kwenye kile chumba alichowaelekeza. Walikuta mikeka, masufuria na mtu hayupo. Alikuwa ameshanusa jambo, amehama na watoto.

Hapo ndipo nilipojua maana ya hofu, mwanangu. Baba yako alipougua niliogopa, lakini sikuwa mimi niliyeleta ugonjwa. Kila nikimeza chakula namwona mtoto wa miaka sita nisiyemjua hata sura.

Hawajanifukuza. Wamenitoa kwenye vitendo, niko jikoni namenya viazi, na muhula huu nitaurudia. Mwalimu hakunikaripia, bora angenikaripia. Alisema, "Ulitaka akuamini haraka. Wengi wetu tunataka hivyo." Wale vijana wanaoniita Bibi wanakuja jikoni mmoja mmoja, wanashika kisu, wanamenya nami bila kuuliza kitu.

Kidoti hali chakula. Anakaa kwenye ngazi, analitazama geti.

Ombeni. Mimi maneno yameniishia.

Mama yako

•

Tarehe 25 Machi

Mama,

Shikamoo. Tunaomba. Mkweo amefunga, mimi nimejaribu mpaka saa sita nikashindwa, lakini Mungu anajua.

Sikutumii methali leo. Ulifanya lililopaswa, hata kama ulianzia pabaya. Tuko nyuma yako, na kitanda chako kimetandikwa, ukitaka kukilalia au usitake.

Mwanao

•

Tarehe 6 Aprili

Mwanangu,

Asanteni kwa kuomba, na kwa njaa ya nusu siku pia. Naandika mbio.

Mtoto amepatikana. Mwanamke anayeuza maji kituo cha mabasi alionyeshwa na polisi picha ya mtoto iliyochorwa kwa maelezo ya Kidoti, akamtambua, akawaita. Mtoto alikuwa ameketi chini na kopo, kichwa kimenyolewa, ana michubuko lakini mzima. Mtu mwenyewe alikimbia, bado anasakwa. Walimleta jana. Kidoti alimwona getini, akamshika mkono, hakumwachia tena, hata chooni wamekwenda wote. Mimi nilitazama kwenye dirisha la jikoni. Hakuniangalia. Nikasema, inatosha, si lazima anipende.

Leo mchana nimo kwenye viazi, nikasikia nyayo. Wamesimama mlangoni wawili, wameshikana. Kidoti akamwambia mdogo wake, akininyooshea kidole: "Ni huyu. Huyu hawezi kukaa na siri. Ukimwambia, anakwenda kusema kwa wakubwa."

Nikaweka kisu chini. Nikamwuliza mtoto, "Umesikia alivyosema dada? Ukiniambia kitu kibaya, nitasema. Unajua?"

Akatikisa kichwa kukubali. "Ndiyo, nataka useme," akasema. "Wengine watatu bado amewafungia. Mimi najua nyumba."

Afisa ustawi wa jamii ameshafika, gari linanguruma nje. Mtoto amekubali kwenda kuwaonyesha nyumba kwa mbali, akiwa ndani ya gari. Kidoti amesema mdogo wake haendi bila yeye, na wote wawili wamesema hawaendi bila mimi. Mwalimu amenivua aproni kwa mikono yake.

Mama yako