Kikwembe Ambacho Hakijakatwa

Mpendwa Mama Mukubwa,

Hapa Bunia mvua imeanza, na mama anakusalimu sana. Barua hii nimeifunga pamoja na kifurushi, na dereva wa lori ameahidi kuvitia vyote viwili mkononi mwako, si mwa mtu mwingine. Usifungue kifurushi bado. Nisome kwanza. Unajua nikiwa mbele ya watu maneno yananikimbia, lakini nikishika kalamu yanarudi.

Tumesikia kwamba matanga ya Baba Mukubwa yataondolewa huko Boga baada ya mavuno ya kahawa. Mjumbe wa shemeji yako alikaa hapa barazani akatueleza yote: wanawake watakuogesha, utavuliwa nguo nyeusi, na familia ya mume itakuvika kikwembe cha rangi ya udongo walichokwisha kununua na kushonesha. "Iko ya wazee, iko ya heshima," alisema. Mama alimuuliza kama wewe mwenyewe umekiona. Akajibu: "Amesema atavaa ile watamupa."

Mama aliendelea kuchambua maharagwe yake kama hakusikia. Mimi niliinuka nikaenda nyuma ya jiko, maana nilitaka kulia na nilimwonea haya mgeni. Wewe, Mama Mukubwa, uvae tu utakachopewa?

Kabla Baba Mukubwa hajafa, ulikuwa na meza ya vikwembe sokoni. Kila nilipotoka shule ya msingi nilipita kwako, nikaingia chini ya meza na kitabu changu, nikasoma huku vitambaa vikining'inia pande zote kama kuta za nyumba. Sikuhitaji kutoka nje kujua kama upo. Nilisikia bangili zako, halafu sauti yako ikimkataza mteja asinunue kitambaa cha maua madogo: "Hapana, mama. Maua madogo iko ya mapazia. Weye uko dirisha?"

Umri wako ulikuwa umepita miaka hamsini, lakini nywele zako ulizisuka kwa nyuzi zikasimama juu kama miale, na kitambaa cha kichwa ulikifunga kikainama upande wa kushoto, peke yako katika soko zima. Siku moja mwanamke mmoja aliyekuja kununua alikuangalia kutoka kichwa hadi miguu.

"Weye mama, uko na wajukuu, na unavaa vile kama musichana?"

"Wajukuu iko ya watoto yangu," ulimjibu. "Kikwembe iko yangu."

Meza zote za jirani zilicheka. Yule mwanamke naye akacheka, akanunua vipande viwili vya kitambaa kile kile ulichokuwa umevaa. Na serikali ilipowakataza wanawake suruali na nywele za bandia, jirani yako alikuuliza kama huogopi kukamatwa kwa sababu ya hicho kichwa. Ulishika nyuzi zako ukazivuta. "Wamekataza nywele ya duka. Hii iko yangu, waje wavute."

Jumapili ndiyo ninayoikumbuka zaidi. Nililala kwenu Jumamosi ili asubuhi nikushikie kioo. Baba Mukubwa alikuwa tayari mapema, koti lake la abakosi limepigwa pasi, anazungusha funguo za lori mlangoni kama mtu anayetaka kusafiri mbali, na kanisa liko palepale.

"Mama, misa itaisha!"

"Padri aanze tu. Nitamukuta."

Kioo kilikuwa kizito, lakini sikuthubutu kukiteremsha. Ulijiangalia bila kutabasamu. Ulisogeza kitambaa kidogo, ukatoa herini, ukaweka nyingine, ukarudisha zile za kwanza. Wakati ule nilidhani unajisifu. Sasa ninaona uso wako ulikuwa kama uso wa mtu anayesoma ukurasa mgumu na hataki kuuacha mpaka aelewe. Halafu ulipumua, ukasema, "Haya. Sasa iko miye." Ndipo ulipoweza kutoka nyumbani.

Mimi sikuwa hivyo. Mimi nilitaka nguo ambayo ingenificha. Nakumbuka mwaka nilipomaliza shule ya msingi, kulikuwa na sherehe, na wewe ulichukua jukumu la kunishonea gauni. Uliniuliza nataka modeli gani, nikajibu, "Yoyote." Ulikasirika kweli kweli.

"Yoyote iko jina ya nani? Unapenda nini, weye mutoto?"

"Kusoma," nilisema.

Hukucheka. Ulipima kitabu nilichokuwa nacho, urefu na upana, ukashona mfuko mbele ya gauni langu la bluu, mfuko mkubwa wa rangi ya chungwa, na kitabu kikaingia barabara. Wasichana wa darasa langu waliniuliza kama ninaenda kununua mihogo. Niliona aibu hadi masikioni. Lakini katikati ya hotuba ndefu za wakubwa nilitoa kitabu changu nikasoma, na wao wakakaa wakihesabu nzi. Jioni mmoja wao, yule aliyenicheka kuliko wote, alikuja taratibu kuniuliza nani alinishonea.

Tangu siku ile watu wa nyumbani waliniita Mama Kitabu, na sikuchukia.

Halafu Baba Mukubwa aliugua, akafa, na ndugu zake wakaja kumchukua wamzike kwao Boga. Ulipanda lori pamoja na jeneza. Tuliambiwa utakaa kule mpaka matanga yaondolewe, na sisi tukafikiri ni mwaka mmoja, kama kawaida. Lakini kila mara lilikuwapo jambo: mara mkubwa wa familia amesafiri, mara mavuno ni mabaya, mara mgonjwa mwingine. Wewe ukabaki katika nguo nyeusi. Meza yako sokoni ilipewa mtu mwingine.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hatujawahi kulizungumza, wewe na mimi.

Pasaka iliyopita mama alinituma kwako. Nilifika nimejaa vumbi na furaha. Uani walikuwapo wanawake kama watano au sita wanamenya ndizi, na wawili kati yao walikuwa na nguo nyeusi. Nilikimbia nikamkumbatia mmoja nikilia, "Mama Mukubwa! Mama Mukubwa!" Yule mama akanishika mabega kwa upole, akaniambia, "Mwanangu, miye hapana. Ule pale."

Nilikuwa nimekupita mlangoni. Ulikuwa umekaa kwenye kizingiti, kichwa kimenyolewa, umefungwa kitambaa cheusi sawa sawa na cha mwenzako, na macho yangu yaliteleza juu yako kama juu ya ukuta.

Wote walicheka, na wewe ulicheka pia. "Mama Kitabu amesoma vibaya," ulisema. Lakini baadaye kidogo uliingia ndani ukakaa huko muda mrefu, na ulipotoka ulinipa chakula bila kuniangalia machoni. Siku zote nilizokaa kwako nilitaka kukuomba radhi, na sikuweza. Nilijua haikuwa kosa langu tu. Hata wewe, nadhani, siku ile ulishtuka kuona kwamba unaweza kupitwa.

Ndiyo maana neno la mjumbe lilinichoma. Niliogopa kwamba ukivuliwa nyeusi ukavikwa udongo, hutarudi tena.

Unajua kwamba desturi inawaruhusu watu wa upande wa kuzaliwa kuleta nguo yao pia siku hiyo. Mama aliniambia, "Weye ndiye ulikaa chini ya meza yake. Twende uchague." Tulikwenda sokoni, na niliteseka sana. Kila kitambaa nilichoshika nilijiuliza: je, bado anapenda manjano? Je, zile herini kubwa bado anazitaka? Nilitambua kwamba ninayemnunulia ni Mama Mukubwa wa zamani, yule wa kioo cha Jumapili, na wewe umepita katika mambo ambayo mimi siyajui. Mwishowe nilichukua hiki. Kina ndege wakubwa. Hakuna hata ua moja dogo, hilo nina hakika nalo.

Kisha tukaenda kwa fundi. Mama alimwambia ashone kama zamani, mikono mipana, shingo ya mraba, vipimo anavyo bado. Fundi alikitandaza kitambaa juu ya meza, akachukua chaki, akachukua mkasi. Nikasikia sauti ikisema, "Asikate," na ilikuwa yangu.

Watu wote mle ndani waligeuka.

"Mutoto huyu ana nini?" fundi aliuliza.

"Mama, asikate. Modeli ni yake kuchagua."

"Utatuma kitambaa tupu kwa mufiwa? Watasema siye hatuna akili. Watasema tumeshindwa hata kulipa fundi."

"Waseme, mama."

Sijawahi kumjibu mama hivyo mbele ya watu. Mama akamwambia fundi, "Kunja basi." Tulipofika nyumbani alifungua sanduku lake akatoa mkasi wake mzuri, ule asiomwazima mtu, akautia ndani ya kitambaa pamoja na uzi wa rangi mbili.

Kwa hiyo ukifungua kifurushi, usifikiri tumekosa heshima. Kata unavyotaka. Mikono mipana kama ni ile ile unayoipenda, au mirefu, au modeli ambayo mimi siwezi hata kuifikiria. Na kama utaona kile cha rangi ya udongo ndicho kinachokufaa sasa, vaa hicho, sitakasirika. Fanya hiki pazia, ingawa ndege ni wakubwa. Ninachoomba ni kwamba utafute kioo kwanza, ujiangalie mpaka uridhike, hata kama wazee wa Boga watapiga kelele nje kwamba jua linapanda.

Mama na mimi tutakuja. Nitakuwa uani pamoja na wanawake wengine, nikingoja wakutoe ndani. Tafadhali, usiharakishe mlangoni. Simama hapo kidogo, ili nikutazame vizuri.

Nakushika mikono yote miwili.

Mwanao, mtoto wa mdogo wako