Macho ya Ivy Gedge

Jumatano, 2 Novemba 1904

Crale leo kapita meza kwa meza, mikono mfukoni, anapiga mluzi. Akipiga mluzi ujue kuna mtu ataumia. Miaka minane namtumikia huyu mtu — toka chumba kimoja juu ya duka la baiskeli, yeye anachapa kijigazeti cha mafumbo, mimi nafungua barua na kutafuna mkate mkavu. Sasa ana jengo zima Fleet Street, mtaa wa magazeti, na kila asubuhi nusu ya London imeshika gazeti lake la nusu peni. Anaitaka na ile nusu nyingine.

Kiwanda kimoja kikubwa cha kufulia nguo kimeungua huko Bermondsey. Wasichana sita wamekufa. Habari imeandikwa vizuri, Crale hakuisoma hata. Watu hawanunui moto, akasema, wananunua sura. Akanitazama mimi: nikalete picha ya mmoja wao. Eti mwanamke mwenye kikapu hafungiwi mlango.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimekwenda. Aibu hata kuandika. Majani ya chai, sukari, keki ya zabibu — chambo tupu!

Bi Gedge, mama yake Ivy, mmoja wa wale sita. Msichana wa miaka kumi na sita, kazi yake ilikuwa kupiga pasi kola. Sanduku la maiti lipo chumba cha mbele, limeletwa limeshapigiliwa misumari. Mama kaambiwa asilifungue, hakuna cha kuona. Na picha anayo moja tu: Ivy pwani ya Margate kiangazi kilichopita, amefinya macho kwa jua, kambeba mdogo wake.

Nikalia naye. Nililia kweli! Kisha nikaiomba. Akauliza ataipata kabla ya maziko, Jumatano saa tisa, maana anataka kuiweka juu ya sanduku watu wamwone mwanawe.

"Nitaileta mwenyewe, mama," nikasema. "Kwa mikono yangu."

Akaifuta kwa aproni, akaibusu, akanipa.

Ijumaa, 4 Novemba

Ukurasa wa kwanza, nusu nzima. Siye Ivy! Macho makubwa ya mwanasesere, kola ya lesi, mdogo wake hayupo. Magazeti yameisha kabla ya saa mbili asubuhi, mitambo ikawashwa tena.

Nimeshuka kwa Pettifer, fundi wa picha. Hakunyanyua hata kichwa. Bwana mkubwa alitaka macho yaliyo wazi, basi akayakwangua kwa wembe akachora mengine. Juu ya picha yenyewe, kama siku zote. Mtoto kamkata kwa mkasi.

Kama siku zote. Nilijua! Miaka minane naona picha za watu zinavyotoka kwa Pettifer. Nilijua nikiwa nimekaa kwenye kiti cha yule mama, nakunywa chai yake.

Jumamosi, 5 Novemba

Nimeichukua picha kwa Pettifer, nimejaribu pamba na maji. Rangi imetoka. Chini yake hakuna kitu, karatasi nyeupe.

Jumatatu, 7 Novemba

Sasa Crale anauza kadi za posta zenye sura ile — "Malaika wa Pasi". Mwanamume mmoja wa Leeds kaandika anataka kumuoa. Marehemu! Ofisi nzima imecheka mpaka machozi. Nimetoka kwenda kusimama uani.

Barua ya Bi Gedge imefika, mwandiko wa jirani. Hataki kunisumbua, ananikumbusha tu Jumatano. Nikampelekea Crale. Akasema atengenezewe kubwa, fremu ya dhahabu, kwisha.

Nikamwambia ile ndiyo ilikuwa sura yake ya pekee.

"Tumempa macho, Maud," akasema. "Yake yalikuwa yamefumbwa."

Nilitamani nimtapikie kotini.

Jumatano, 9 Novemba

Siku ya kuzaliwa Mfalme, na orodha ya waliopewa vyeo vya heshima imetoka. Crale sasa ni Sir. Sir! Kwa utumishi wake kwa umma. Tumekunywa shampeni kwenye vikombe vya chai. Kasimama juu ya kiti, katangaza kuwa kuanzia Jumatatu mimi ni mhariri wa ukurasa wa wanawake. Kitu nilichokitaka miaka yote hii. Makofi. Midomo yao imelowa, wote, na wangu pia.

Nikasema asante. Mimi huyu, nimesema asante!

Saa nane sasa. Hobday wa mlangoni amekuja. Kuna mama chini, nguo nyeusi. Sir kashuka, kampa fremu mbele ya kamera. Mama kaitazama kwa adabu, kaiweka kwenye benchi. Anamngoja yule bibi wa kikapu. Hobday kamwambia bibi ana kazi nyingi. Mama kajibu hana wasiwasi naye hata kidogo, yule bibi alilia pamoja naye.

Nimemwambia Hobday aseme nimetoka. Kanitazama kama kitu kilichomnata kwenye kiatu.

"Mwambie mwenyewe," kasema. "Nimeshamruhusu apande."

Nasikia viatu kwenye ngazi. Anapumzika kila baada ya hatua chache. Picha iko hapa mezani, imekatwa, matundu mawili meupe pale palipokuwa na macho. Nimevuta karatasi ya kwanza iliyokuwa karibu, nikaifunika. Ni gazeti la Ijumaa. Sura imelala inatazama juu, macho wazi.

Anabisha —