Ngozi ya Mlango wa Kushoto

Karatu, Jumamosi, Julai 1982

Nilipima kila kitu isipokuwa unene. Kwa kukosa plastiki madukani, bitana mpya ya mlango wa mbele wa kushoto wa gari langu la Pijo nimeikata katika ngozi ya ng'ombe yenye manyoya na mabaka mekundu. Inapendeza, ila mlango haufungiki usipobamizwa.

Jioni nilimwonyesha Lemayani, rafiki yangu mfugaji wa Malambo. Aliipapasa ngozi, akayachungua mabaka.

"Mwalimu, huyu namjua. Nilimuuza mnadani mwezi uliopita. Alikuwa mpole sana."

Nikaubamiza mlango.

"Usimpige!"

Nikausukuma taratibu, ukagoma. Akaufunga mwenyewe kwa kamba, akaniapisha nisiufungue.

Kesho nampeleka mama mkwe kanisani Endamarariek, naye hukaa mbele daima. Atakaa nyuma. Namna ya kumweleza kwamba kiti kimechukuliwa na ng'ombe, bado ninaitafuta.