Tela Lililonipita

Shoga, nivumilie.

Lile tela jepesi nililochagua kwa fundi wa kuchomelea, la kubebea pikipiki ya mume wangu, limenipita. LIMENIPITA! Nashuka mteremko wa shuleni, natazama dirishani, naiona pikipiki inalipita gari langu kama ina haraka zake.

Tela limeenda kujibamiza kwenye ukuta wa shule. Watoto walikuwa darasani, Mungu mkubwa.

Fundi aliniambia: "Dada, tela jepesi hurukaruka. Mnyororo huu ufunge kwenye gari, ndoano ikichomoka utalishika." Mimi mjuaji nikauchukua mnyororo huohuo nikafungia pikipiki isianguke. Na kweli haikuanguka! Imenipita imesimama wima!

Nimempigia mume wangu. Hakufoka. Ameuliza tu, "Mama yuko wapi?"

Maana mama mkwe alisema atakaa kwenye tela aishikilie pikipiki. Nami nikamwambia, "Panda, mama." Akapanda!

Kisha akashuka kufuata miwani. Miwani, shoga! Nikachoka kumngoja, nikaondoka.

Sasa hivi ananipigia anilaumu kwa nini nimemwacha. Simu inaita, nami nashindwa kupokea, nalia tu.