Kitambaa Juu ya Projekta

Salme, keti kwanza ndio usome. Nimempa Halimo wa duka akuletee hiki kikaratasi. Nimetoka kazini chuoni sasa hivi na hasira bado haijaniisha.

Projekta imeungua! Ile mpya ya kuonyesha maandishi ukutani, ile nimekuwa nikiwafundisha wahadhiri kuitumia tangu muhula uanze.

Unajua vile watu wetu hufunika redio na televisheni kwa vitambaa vya kufuma? Basi Daktari Muthengi alileta kimoja, kimefumwa na mkewe. Nikamwambia, "Daktari, toa kitambaa kabla ya kuwasha, mashine inapumulia hapo." Akacheka. Jana nikamwambia tena. Akacheka tena.

Leo ameiwasha na kitambaa juu! Amekikunja kidogo tu mbele, taa ipite. Eti mashine ya heshima haikai uchi mbele ya wanafunzi. Uchi, Salme!

Moshi. Harufu ya uzi unaoungua. Wanafunzi wakakimbilia mlangoni. Na yeye, bila haya, akaninyooshea kidole: "Huyu msichana hakutufundisha vizuri."

Huyu msichana! Mimi!

Mkuu wa idara hata hakuniuliza. Amesema wahadhiri wote warudi kwa chaki, na mimi niombe msamaha.

Siombi. Hata mama anisihi, siombi.

Na ngoja. Wakati natoka, projekta imekufa pale mezani, Muthengi alikuwa anaifunika. Kitambaa kipya, shoga yangu. Alikuwa na cha pili mkobani.